Mzazi Anapougua, Subira Yatakiwa kwa Nani?

Hapana neno lililo zito kwa thawabu, na jepesi katika ulimi wa asiyeumwa, kama neno "subiri." Twalisikia khasa katika nyumba yenye mzazi. Mwanamke amejifungua, mtoto ana siku tisa, ziwa moja limevimba na kuwaka, mwili watetemeka kwa homa, na mtoto ataka kunyonya usiku na mchana. Akilalamika huambiwa: "Subiri, mwanangu, ndio uzazi huo. Na sisi tulizaa." Akilia huambiwa kuwa kulia ni kukosa shukurani, kwani wako waliotamani mtoto wasipate. Basi hunyamaza, na waliomzunguka huona raha, wakasema: mkaza mwana wetu ana subira.

Twataka katika maneno haya tuulize suala moja. Je, mtu ana haki ya kumuamrisha mwenziwe asubiri juu ya dhiki ambayo yeye muamrishaji ana uwezo wa kuiondoa? Na ikiwa hana haki hiyo, subira tunayomtaka mzazi mgonjwa ni fadhila yake, au ni pazia la uzembe wetu?

Maulamaa wameigawa subira mafungu matatu: kusubiri juu ya ibada, kusubiri kwa kujizuia na maasi, na kusubiri juu ya misiba. Maradhi yamo katika fungu hili la tatu. Walakini misiba nayo haiko namna moja. Uko msiba usiokuwa na mlango, kama kufiwa na umpendaye. Huo hauna ila kurejea kwa Mola. Na uko msiba wenye mlango, na ufunguo wake umo mikononi mwa watu. Mtu akitumbukia kisimani, na kamba tunayo sisi, hatusimami ukingoni tukamhadithia fadhila za subira. Tukifanya hivyo, yeye ataandikiwa subira yake, na sisi tutaulizwa kamba yetu.

Tena subira ni kazi ya moyo wa mtu mwenyewe, mfano wa nia. Hapana awezaye kumnuilia mwenziwe sala akiwa mzima mwenye akili, wala hapana awezaye kumsubiria mwenziwe maumivu. Kwa hivyo subira ni kitu mtu ajitakacho nafsi yake. Akisimama mwengine kuidai, naye amekaa kitako, hiyo imegeuka kuwa amri ya kunyamaza.

Natutazame sharia yetu imeuweka wapi mzigo wa kunyonyesha. Wengi wetu tumezoea kudhani kuwa kunyonyesha ni jambo la mama peke yake, na kuwa baba ameshamaliza kazi yake alipomwadhinia mtoto sikioni na kuchinja akika. Walakini aya ya 233 ya Sura ya Al-Baqara imeyapanga mambo kwa namna nyengine. Imetaja muda wa kunyonyesha kuwa ni miaka miwili kwa atakaye kuutimiza. Mara ikamwekea baba chakula cha mama na nguo zake kwa wema. Ikabainisha kuwa hapana nafsi inayokalifishwa zaidi ya uwezo wake. Kisha ikakataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake, na baba kadhalika. Baada ya hapo imewaruhusu wazazi wawili kumwachisha mtoto ziwa kwa kuridhiana na kushauriana, na kumtafutia mnyonyeshaji mwengine kwa ujira. Msomaji atazame: kila palipotajwa kazi ya mama, ubavuni mwake pametajwa deni la mtu mwengine.

Na katika Minhaji ya Imamu Nawawi, kitabu kijulikanacho katika darasa za madhehebu yetu ya Kishafii, imeelezwa kuwa mama yampasa kumnyonyesha mtoto dang'a, yaani yale maziwa ya mwanzo. Baada ya hayo, ikiwa hapana mwanamke mwengine wa kumnyonyesha, yampasa mama kuendelea. Na ikiwa yuko mwengine, mama halazimishwi. Wako katika miji yetu wanaoikamua dang'a na kuimwaga wakidhani ni uchafu. Hao wanamwaga kitu ambacho mafakihi wamekihisabu kuwa ni haki ya mtoto, na ambacho madaktari wa leo wasema ni kinga yake ya kwanza.

Saumu nayo ni mfano ulio wazi. Sala humwondokea mwenye nifasi kwa sababu ya damu, kwa hivyo hatuwezi kuifanya hoja katika mambo ya maradhi. Lakini mwanamke aliyekwisha kutahirika, naye anyonyesha, akichelea kudhurika nafsi yake au mtoto wake, ameruhusiwa kula Ramadhani. Akichelea nafsi yake hulipa siku zile. Akichelea mtoto peke yake, hulipa siku na kutoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Basi ikiwa Mwenyezi Mungu, ambaye ndiye mwenye haki ya saumu, amemwondolea mnyonyeshaji nguzo katika nguzo za dini akichelea madhara, sisi ni nani hata tusimwondolee sufuria, ndoo ya maji na nguo za kufua?

Haya hayana maana kuwa mtoto hana haki. Haki yake ni kubwa, na leo aghalabu hapana mwanamke mwengine katika nyumba wa kumnyonyesha. Madaktari wanausia apewe maziwa ya mama matupu kwa miezi sita ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vyengine hata miaka miwili na kuzidi. Hatusemi mama amtupe mtoto kwa kila kichwa kinapomuuma. Twasema kuwa mtoto amebebwa na mama. Na mama akiumwa, naye abebwe na watu wa nyumba. Haki ya mtoto haitimii kwa kumchosha yule aliyeibeba.

Hapa watainuka wenye kupinga, na hoja zao ni mbili.

Hoja ya kwanza ni kuwa mama zetu walizaa watoto kumi, wakaugua, wakasubiri, na mambo yakenda. Jawabu yetu ni kuwa tunaowasikia wakisema hivyo ni wale waliopona. Waliokufa na homa ya uzazi wamo makaburini, hawaji barazani kutoa ushahidi. Tena mama zetu hawakuwa peke yao. Palikuwa na mkunga, na somo, na shangazi, na jirani wa ukuta kwa ukuta. Mzazi alifungwa mkaja, akakandwa maji ya moto, akapikiwa uji wa pilipili manga, na kwa siku arubaini hakutia mkono jikoni. Leo twaihifadhi ile kauli yao ya "subiri," na wale watu arubaini wa kumsaidia hatunao. Mzazi wa leo huenda akawa katika chumba cha kupanga, ghorofa ya nne, mamake yuko Lamu, dadake yuko Jidda kwa kazi, na mumewe hutoka alfajiri akarudi baada ya isha. Kumtaka huyu subira ya bibi yake, na hali hana msaada wa bibi yake, si insafu.

Na katika tarikhi ya tiba uko mfano unaotupasa kuuzingatia. Katika hospitali kuu ya Vienna, miaka ya 1840, wazazi wengi walikuwa wakifa na homa ya uzazi. Mwaka 1846, katika sehemu moja ya hospitali ile, walikufa zaidi ya 11 katika kila 100. Watu wakasema ni hewa mbaya, au ni kudra isiyoepukika. Mwaka 1847 daktari mmoja, Ignaz Semmelweis, aligundua kuwa wanafunzi na madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti, wakaenda moja kwa moja kuwazalisha wanawake. Akawaamuru waoshe mikono kwa maji yaliyotiwa dawa. Mwaka 1848 waliokufa walipata kiasi cha mmoja tu katika kila 100. Basi jambo lililodhaniwa kuwa halina budi, ambalo wazazi walitakiwa walivumilie, lilikuwa katika mikono ya wale waliowazunguka. Kudra ya Mwenyezi Mungu twaiamini. Lakini kuosha mikono nako kumo katika kudra yake.

Hoja ya pili ni kuwa maradhi hufuta madhambi, basi mwache mzazi apate thawabu zake. Neno la mwanzo ni kweli, na natija waliyoitoa ni batili. Mtume (S.A.W.) aliyetufundisha kuwa muumini hulipwa kwa maradhi yake, ndiye aliyetuamuru tujitibu, akatueleza kuwa hapana ugonjwa ulioteremshwa ila una dawa yake. Daftari la mgonjwa na daftari la aliye karibu naye ni madaftari mawili. Katika lile la kwanza yaweza kuandikwa thawabu ya uvumilivu, na katika la pili, kwa maradhi yale yale na usiku ule ule, ikaandikwa dhambi ya kupuuza. Tusitafute mapato yetu katika daftari la mwengine.

Basi ni mambo gani yaliyo na mlango, ambayo haifai kuyaita subira? Tutataja machache, kwani ujinga ndio nusu ya maradhi haya.

La kwanza ni uvimbe wa ziwa. Ziwa huwa jekundu, likauma, likawa la moto, na homa ikapanda. Wengi humwambia mzazi aache kumnyonyesha mtoto, wakidai kuwa maziwa ya mgonjwa ni sumu. Sivyo. Maziwa yale hayamdhuru mtoto, na kukata ghafula huzidisha uvimbe. Aendelee kunyonyesha kama kawaida yake, atie kitambaa cha maji baridi kupunguza uvimbe, apumzike, wala lisikandwe kwa nguvu, kwani kulikanda hivyo huliumiza zaidi. Akiwa hapati nafuu kwa siku moja au mbili, au homa ni kali, aende kwa daktari. Pakiwa na uvimbe mgumu uliotunga usaha, hilo ni jipu, na jipu hutolewa hospitalini, halitolewi kwa wembe wa nyumbani.

La pili ni hofu ya dawa. Wako wanaojizuia na dawa wakichelea mtoto, na wako wanaomwachisha mtoto wakichelea dawa. Yapasa mzazi amwambie daktari mapema kuwa anyonyesha. Dawa nyingi zitumiwazo kwa maradhi ya kila siku zina namna zisizomzuia kunyonyesha, na daktari ataichagua ile ifaayo. Hata mama mwenye virusi vya ukimwi, akitumia dawa zake barabara na mtoto akapewa kinga yake, huelekezwa namna ya kumnyonyesha. Maradhi na dawa zinazolazimisha kuacha kabisa zipo, lakini ni chache, na hukumu yake ni ya daktari. Haitolewi na jirani mlangoni.

La tatu ni dalili za hatari. Madaktari huzihisabu siku 42 baada ya kuzaa kuwa ni muda wa kumchunga mzazi, na hii yakaribiana na arubaini yetu. Katika siku hizo, damu ikitoka kwa wingi, au homa ikapanda, au uchafu wa uzazi ukanuka, au kichwa kikauma sana na macho yakaona kiwi, au akashikwa na kifafa, au pumzi zikambana, basi safari ya hospitali ni saa ile ile. Hapana kusubiri mume arudi safari, wala hapana kungoja idhini ya mavyaa.

La nne ni ugonjwa wa moyo kwa maana ya huzuni. Kulia siku mbili tatu za mwanzo ni jambo la wengi, na hupita. Lakini huzuni ikikaa wiki mbili na zaidi, mama hana usingizi hata mtoto alalapo, hana hamu ya kula, hana raha ya kumtazama mwanawe, hayo ni maradhi kama homa ilivyo maradhi. Shirika la Afya Duniani lakisia kuwa kiasi cha wanawake 13 katika kila 100 waliotoka kuzaa hupatwa na maradhi ya namna hii, na katika nchi zisizo na uwezo mkubwa huzidi. Kwetu sisi mwanamke huyu huambiwa ana pepo, au amepigwa jicho, akapelekwa kwa mganga, akafukizwa, akavalishwa hirizi, na fedha ambazo zingelipa daktari zikalipa ngoma. Kumsomea Qur'ani na kumwombea ni jambo jema, nalo halizuii dawa. Na akianza kusikia sauti zisizokuwapo, au kusema atajidhuru au atamdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata kidogo, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mama huyu hakupungukiwa na imani. Amepungukiwa na afya.

La tano, pindi hali ikifika hata mama hawezi kunyonyesha kweli, asitiwe aibu. Mtume wetu (S.A.W.) alinyonyeshwa na Thuwayba na Halima, wala utukufu wake haukupungua. Jamaa akijitolea kumnyonyesha mtoto, kwanza wamwulize daktari juu ya afya yake. Kisha waandike jina lake na watangaze baina ya jamaa, kwani kwa madhehebu yetu minyonyesho mitano katika miaka miwili huleta undugu, na undugu uliofichwa huharibu ndoa za kesho. Na wakitumia maziwa ya kopo kwa shauri la daktari, maji yachemshwe, vyombo visafishwe, na kipimo kifuatwe; kuyazidisha maji ili kopo lidumu ni kumfisha mtoto kwa njaa.

Na asidhani mtu kuwa kumwondolea mzazi mzigo ni desturi mpya iliyotoka Ulaya. Imepokelewa kuwa Sayyidna Umar bin Khattab, katika zama za ukhalifa wake, aliwawekea watoto posho kutoka hazina ya umma, lakini kwa waliokwisha kuachishwa ziwa tu. Usiku mmoja alikuwa akilinda msafara uliotua Madina, akasikia mtoto akilia. Akamwendea mama yake, akamtaka amtulize mtoto. Akarudi mara ya pili na ya tatu. Mama, asimjue ni nani, akamweleza kuwa anamlazimisha mtoto kuacha ziwa kabla ya wakati wake, kwa sababu Umar hatoi posho ila kwa aliyeachishwa. Umar hakumwambia yule mama asubiri. Hakumhubiria thawabu za kunyonyesha. Alisali alfajiri akilia, akajihisabu kuwa ndiye mwenye makosa, kisha akatangaza posho kwa kila mtoto tangu kuzaliwa. Alikuwa ni mtawala wa nchi kubwa, na alipoona dhiki ya mama imetokana na kanuni yake, aliigeuza kanuni.

Je, sisi tulio na kanuni ndogo, za nyumba moja tu, twashindwa kuzigeuza? Sharia ya kazi ya Kenya ya mwaka 2007 imempa mwanamke aliyeajiriwa miezi mitatu ya ruhusa kwa mshahara kamili, na imempa baba wiki mbili. Lakini twaona mababa wakizitumia wiki mbili hizo barazani, wakipokea hongera na kahawa, na mzazi yuko ndani akitafuta wa kumshikia mtoto apate kuoga. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani mwake, alijibu kuwa alikuwa katika kazi za watu wake. Basi nani kati yetu ana heshima kubwa kuliko yake, hata aone haya kufua nepi? Na mavyaa aliyezaa kumi, ujuzi wake ni neema akiutumia kumlaza mkaza mwana na kumpakata mjukuu usiku. Na ni adhabu akiutumia kupimia nani aliumia zaidi. Jirani naye alete chakula, na asikae sana. Imamu naye akumbuke kuwa Mtume (S.A.W.) aliifupiza sala yake aliposikia kilio cha mtoto, kwa kuwa alijua uchungu wa mama yake aliye safuni. Sala ya jamaa ilifupizwa kwa ajili ya moyo wa mama; hotuba zetu juu ya subira nazo zastahiki kufupizwa.

Baada ya kufanya yote haya, itabakia sehemu ya maumivu ambayo hapana mtu awezaye kuyabeba. Tutampa dawa, na bado ziwa litauma mpaka dawa ifanye kazi. Tutampakata mtoto, na bado saa tisa ya usiku atamtaka mamake. Hiyo ndiyo sehemu ya subira yake, nayo ni yake na Mola wake. Akiibeba kwa kunyamaza amebeba, na akiibeba kwa kulia amebeba vile vile, kwani Nabii Yaakub alilia mpaka macho yakawa meupe, naye ni katika wenye kusubiri. Sehemu iliyobaki, ya ndoo, na sufuria, na nauli ya hospitali, na kukesha, ni yetu. Ibara ya dini tusiitumie kumrejeshea sehemu yetu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wazazi wetu walio wagonjwa, awakuze watoto wao katika afya na wema, na atujaalie sisi kuwa ni katika wanaoinyoosha kamba kabla ya kutoa mawaidha. Amin.